Mrefu kama Mtusi: picha iliyovuka mto Malagarasi

Kuna picha ambayo huenda umeshakutana nayo mtandaoni bila kujua ni ya wapi. Ni ya mwaka 1907. Kijana mwembamba yuko hewani, miguu ameikunja, anavuka ufito uliowekwa juu ya nguzo mbili. Chini ya ufito huo wamesimama Wazungu wawili, wima kabisa, na bado kuna nafasi ya wazi juu ya vichwa vyao. Mmoja wa Wazungu hao ni Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mtu wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani aliyekuwa akizunguka Afrika ya kati na msafara mkubwa wa wanasayansi. Mahali ni Nyanza, kwenye makazi ya Mwami Musinga wa Rwanda. Kitabu cha safari hiyo kilitoka Ujerumani mwaka 1909, na picha ile ikaanza safari yake yenyewe.

Duke aliandika kwamba mrukaji bora siku ile alifika mita 2.50. Sasa, tuweke namba hiyo mezani. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa mita 1.97, ya Mmarekani Michael Sweeney, tangu 1895. Rekodi ya leo ni mita 2.45, ya Javier Sotomayor wa Cuba, tangu 1993. Yaani kwa mujibu wa kitabu, kijana wa Nyanza, peku, bila godoro la kuangukia, angemshinda Sotomayor kwa sentimita 5. Kinachosahaulika pale picha inaposambazwa ni jambo ambalo Duke mwenyewe alilitaja: warukaji walijirusha kutoka kwenye kiinuko kidogo cha kichuguu. Hilo haliwaondolei sifa. Walikuwa warukaji wa ajabu kweli, na mchezo wenyewe ulikuwa wa siku nyingi kabla ya Mjerumani yeyote kufika. Ila msomaji wa Berlin hakukiona kichuguu. Alichokiona ni mwili wa mwanaume mrefu, mwembamba, unaoelea juu ya vichwa vya Wazungu.

Makala hii ni ya historia ya mwili huo kwenye vitabu, filamu na santuri, na ya kile kilichotokea Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, ambako watu wa miili ileile waliishi upande wa pili wa mpaka lakini hakuna aliyewatengenezea filamu.

Nyanda moja, sifa mbili

Ukisimama kwenye vilima vya Heru Juu, Kasulu, Burundi iko pale tu. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana kiasi kwamba mtu wa Kibondo na mtu wa ng'ambo wanaweza kuongea kutwa bila mkalimani. Buha ilikuwa na falme zake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyingine kusini. Majina haya hayajafa. Muhambwe na Buyungu yamewahi kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi. Watawala wa falme hizi waliitwa Mwami, kama Rwanda na Burundi, na koo zao zilihesabiwa kuwa za Kitutsi. (Kiswahili cha zamani kilisema Mtusi na Watusi. Neno hilo nitalirudia, kwa sababu lilisafiri mbali kuliko wanavyodhani wengi.)

Kilichowafunga watu pamoja huku kilikuwa ng'ombe. Chini ya utaratibu ulioitwa ubugabire, mwenye ng'ombe alimpa mwenzake mnyama wa kufuga, naye aliyepewa akalipa kwa utumishi na utii. Watutsi wa Buha walioana na Waha na walizungumza Kiha. Mtu alijulikana kwa ukoo wake, kwa ng'ombe wake na kwa mkubwa aliyemtumikia. Pua na urefu vilionekana, bila shaka, watu wana macho. Lakini havikuwa hati ya kusafiria.

Hata hivyo wageni walipokuja na kalamu, nyanda hizi moja zilipewa sifa mbili tofauti. Buha iliingia kwenye vyombo vya habari vya dunia Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipopita akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Kila mtawala aliyekutana naye Uha alidai hongo ya nguo, akilipa mmoja anatokea mwingine, mpaka Stanley akaamua kutoroka na msafara wake usiku kwa usiku. Kitabu chake cha 1872 kilisomwa sana Uingereza na Marekani. Kwa msomaji wa kule, Uha ikawa nchi ya watoza hongo, basi.

Rwanda nayo ilipata sifa nyingine kabisa. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa kizazi cha wavamizi "bora" waliotoka upande wa Ethiopia. Ushahidi wake? Sura zao. Huyu ndiye Speke aliyetoa utepe wa kupimia kwenye jumba la Rumanika, Karagwe, akampima mmoja wa wanawake wanene wa ikulu mkono, kifua na paja, halafu akachapisha vipimo hivyo kitabuni. Dhana yake ilikuja kuitwa dhana ya Wahamiti. Ilisema kwa ufupi kwamba penye ufalme Afrika lazima kuna damu ya wageni, na damu hiyo utaiona usoni: pua nyembamba, umbo refu. Hakuna aliyepima kwanza halafu akahitimisha. Hitimisho lilikuja kwanza, rula ikafuata.

Twende kwenye rula

Na rula ilikuja kweli. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Mbelgiji Jean Hiernaux aliwapima watu wengi wa Ruanda-Urundi, na akapata kwamba wanaume wa Kitutsi walikuwa na wastani wa urefu wa kama sentimita 176 na Wahutu kama 167. Tofauti ya sentimita 9. Hapa ndipo mtu husema: "Si unaona? Ni kweli basi."

Ngoja kidogo. Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa takwimu mwaka wa kwanza anaiweza.

Wastani si mtu. Katika kundi lolote la wanaume, theluthi mbili hivi huwa ndani ya sentimita 6 au 7 juu au chini ya wastani wao, na waliobaki wanakwenda mbali zaidi. Tuchukue 6.5. Sasa tuwaze wanaume 1,000, na tufuate mgawanyo wa takriban uliozoeleka kwenye vitabu vya kikoloni: Watutsi 150, Wahutu 850. Chora mstari katikati ya wastani mbili, sentimita 171.5, uite kila aliye juu yake Mtutsi. Watutsi watakaopita mstari ni kama 113. Wahutu watakaopita ni kama 208. Yaani kati ya wanaume warefu wa nchi hiyo ya mfano, wawili kati ya kila watatu ni Wahutu! Sababu ni nyepesi: kundi kubwa, hata likiwa fupi kwa wastani, lina watu warefu wengi kwa idadi.

Unaweza kusema, sawa, tupandishe mstari hadi sentimita 180. Haya. Hapo Watutsi watakuwa kama 40 na Wahutu 19. Bado unakosea kwa mtu mmoja kati ya watatu, na wakati huohuo umewaacha Watutsi 110 kati ya 150 upande wa "wafupi". Hakuna mahali pa kuweka mstari ambapo kosa linaisha. Hii ni hesabu ya mfano tu, sawa, lakini ukibadilisha namba kidogo kidogo umbo lake halibadiliki.

Na tofauti ile ya sentimita 9 yenyewe ilitoka wapi? Urefu unarithiwa kwa sehemu kubwa, ila si kwa jeni moja ya kabila. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, wa watu zaidi ya milioni 5, ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 kwenye vinasaba zinazohusiana na urefu, kila moja ikichangia chembe ndogo. Juu ya hapo kuna chakula. Waholanzi wa katikati ya karne ya 19 walikuwa wafupi, wanaume wao wakipimwa jeshini walikuwa na wastani wa kama sentimita 165. Leo ni miongoni mwa wanaume warefu kuliko wote duniani, zaidi ya sentimita 180. Hawakuvamiwa na Wahamiti. Walikula vizuri, walikunywa maziwa, magonjwa ya utotoni yakapungua. Sasa fikiria jamii ambamo mtoto wa mwenye ng'ombe anakunywa maziwa kila siku na mtoto wa jirani anakula mihogo na maharage, kizazi baada ya kizazi. Sentimita 9 si muujiza. Hapa kwetu Tanzania takwimu za taifa za 2022 zinaonyesha watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na hakuna anayesema hao ni kabila lao.

Kuna tatizo lingine ambalo wanafunzi wa utafiti tunaliita upendeleo wa sampuli. Wageni walipiga picha wapi? Ikulu. Nani alikuwa ikulu? Kulikuwa na wacheza ngoma walioitwa intore, na neno lenyewe maana yake ni "walioteuliwa". Vijana hawa walichaguliwa, wakalelewa na kufunzwa mbele ya mfalme. Kulikuwa na Mwami Mutara Rudahigwa, mwana wa Musinga, mtu wa karibu mita mbili, ambaye kila mpiga picha alimtaka. Ni kama mtu aje Dar es Salaam, apige picha timu ya mpira wa kikapu, halafu aandike kwamba hiyo ndiyo sura ya Mtanzania.

Mwili uleule, kwenye mzani

Tuvuke mto sasa, turudi Kasulu na Kibondo. Baada ya Vita ya Kwanza Wabelgiji, waliokuwa wameishika Kigoma tangu 1916, waliiachia kwa Waingereza mwaka 1921. Rwanda na Urundi zikabaki kwa Wabelgiji. Mstari huo ndio uliogawa hatima ya miili. Upande wa Wabelgiji, hesabu ya watu ya 1933 na 1934 ilileta vitambulisho vilivyoandika kila mtu ni nani: Mtutsi, Mhutu au Mtwa. Upande wa Waingereza hakukuwa na kitambulisho cha kumtenga Mtutsi na Muha. Waingereza nao walipenda wazo la "watawala wa asili" na waliwaimarisha akina Mwami chini ya utawala wao usio wa moja kwa moja. Lakini Buha kwao haikuwa onyesho. Ilikuwa ghala la nguvu kazi.

Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge yalikuwa Tanga na Morogoro, mbali, na yalitaka wanaume. Kigoma haikuwa na zao kubwa la biashara, na kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa Kasulu na Kibondo na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kukwepa mbung'o na malale. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi ya kuajiri iliyojulikana kama SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu ilizozitegemea sana. Wanaume wa Kiha wakawa manamba, neno lililotokana na namba waliyopewa. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, ukitimiza siku ndipo unalipwa.

Hapa mwanaume wa Buha naye alipimwa. Kabla ya mkataba alisimama mbele ya daktari na kukaguliwa. Lakini tazama tofauti. Nyanza, kipimo kilikuwa urefu, na swali lilikuwa: huyu ametoka katika damu gani? Huku swali lilikuwa: huyu ataweza kukata mkonge mwaka mzima bila kuanguka? Mwili wa kule uliwekwa kwenye kamera, wa huku kwenye mzani. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya historia ya "uzuri wa kiume" tunayoiruka. Tunaongelea viwango vya urembo kana kwamba vinaanguka kutoka angani au kutoka kwenye majarida ya Ulaya. Mara nyingi viwango vinafuata kazi. Serikali ikikuhitaji kama mtawala wa kuonyeshwa, utaambiwa wewe ni mrefu na una adabu ya kifalme. Ikikuhitaji shambani, utaambiwa una nguvu. Watu wale wale, vilima vile vile, mpaka tu.

Na kuna kichekesho kimoja cha historia. Miaka ambayo magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakimsifu mwanaume wa Kitutsi kama picha ya utawala wenyewe, kiti cha Heru, Kasulu, kilikuwa na mwanamke. Mwami Theresa Ntare alikitwaa mwaka 1946. Hakuna aliyehitaji kuruka ufito.

Hollywood wanakopa ngeli ya kwanza

Mwaka 1950 kampuni ya MGM ilitoa filamu King Solomon's Mines, iliyotokana na riwaya ya H. Rider Haggard ya 1885. Nyota wake walikuwa Stewart Granger na Deborah Kerr. Ilipigwa Afrika Mashariki yenyewe: Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na Rwanda. Katika riwaya ufalme wa mafumbo ni wa kubuni. Katika filamu ukawa wa Watusi, na wacheza ngoma wa Rwanda wakajaza skrini, warefu, wamevaa manyoya kichwani, wakiruka. Nafasi ya Umbopa, mfalme aliyejificha, ilichezwa na Mtutsi aliyetajwa kwa jina moja tu, Siriaque. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri, na ilikuwa miongoni mwa zilizopendekezwa kuwa filamu bora ya mwaka.

Sasa "Watusi" lilikuwa neno la Marekani. Mwaka 1959 MGM wakatoa filamu nyingine, jina lake Watusi, wakitumia tena vipande vya picha vilivyopigwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Mwaka 1962 kundi la The Orlons la Philadelphia liliimba "The Wah-Watusi", likafika nafasi ya 2 kwenye chati, na vijana wa Marekani wakawa wanacheza dansi hiyo kwenye kumbi za shule. Ray Barretto wa New York naye akavuma na "El Watusi". Ukiwa mwalimu wa Kiswahili huwezi kuacha kucheka: kiambishi wa- cha ngeli yetu ya kwanza, kile tunachowafundisha wageni somo la kwanza, kilipanda chati za Marekani bila mtu kujua ni kiambishi. Hata ng'ombe wa pembe ndefu wanaofugwa kule wanaitwa Watusi. Ng'ombe mmoja, "Watusi". Haya.

Lakini angalia mwaka ule, 1959. Filamu iko sinema, na Julai Mwami Mutara Rudahigwa anafariki ghafla Bujumbura. Novemba nyumba za Watutsi zinachomwa Rwanda na maelfu wanakimbia, wengine wakiingia Tanganyika. Mwili uliokuwa ukiuzwa kama uzuri wa kifalme ulikuwa umeshageuka kuwa alama ya kumtambulia adui. Picha haikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni wanaoitazama.

Sitasimulia hapa mauaji yote yaliyofuata, yana vitabu vyake. Itoshe kusema kwamba Burundi mwaka 1972 waliouawa kwa wingi walikuwa Wahutu, hasa wasomi, na makadirio yanaanzia 100,000 na kupanda. Rwanda mwaka 1994 waliouawa walikuwa hasa Watutsi, Umoja wa Mataifa unakadiria watu 800,000. Kwenye vizuizi vya barabarani vya Rwanda kitambulisho kilikuwa hukumu, na pale kisipokuwepo, watu walitumia macho. Kuna Wahutu waliouawa kwa sababu walikuwa warefu na wembamba. Ile hesabu yetu ya wanaume 1,000 si mchezo wa darasani. Ndiyo hesabu ya kosa la mtu aliyeshika panga.

Ramani za mwili kambini

Wakimbizi wa 1972 waliingia Tanzania kwa makumi ya maelfu. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na baadhi yao, Wahutu wa Burundi, katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Kambini alikuta watu waliokuwa na kile alichokiita ramani za mwili: maelezo marefu, yanayofundishwa, ya jinsi ya kumjua Mtutsi na Mhutu kwa viungo, kwa mwendo, mpaka kwa alama ndogo ambazo wewe na mimi tusingezitazama. Fikiria hilo. Wahutu waliokimbia walikuwa wamebeba kichwani somo lilelile la Speke na Wabelgiji, safari hii likiwa limegeuzwa kuwa kumbukumbu ya maumivu.

Mjini Kigoma hali ilikuwa tofauti kabisa. Wakimbizi wa asili ileile, waliotoka vijiji vile vile, walikuwa wamejichanganya. Wengi walipita kama Waha. Walioa na kuolewa, wakauza sokoni, wakaongea Kiswahili, na hakuna aliyewasimamisha kuwatazama pua. Ningependa wanafunzi wa biolojia walitafakari hili kuliko vipimo vyote vya Hiernaux: watu ambao kambini walisema mwili hauwezi kudanganya, mjini miili yao ilikuwa ikipita kama ya kabila lingine kila siku asubuhi.

Kisha mambo yakafika Kasulu na Kibondo zenyewe. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, vita vikafuata, na wilaya hizi mbili zikajaa kambi: Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu (Nyarugusu ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo), Nduta, Mtendeli, Kanembwa na nyingine upande wa Kibondo. Katika orodha hiyo kuna moja ndogo ambayo haizungumzwi sana, Mkugwa, Kibondo. Hapo waliwekwa watu ambao kambi kubwa hazikuwa salama kwao: familia za ndoa za mchanganyiko, watu wa asili mchanganyiko, waliotishiwa. Baba Mhutu, mama Mtutsi, watoto je? Kwenye ramani ya mwili hawakuwa na mahali, kwa hiyo walihitaji kambi yao. Katika nchi ya Buha, ambako vizazi vya Watutsi na Waha walikuwa wameoana bila kuhitaji uzio wowote.

Wenyeji hawakusalimika. Mwaka 2013 serikali ilitoa muda kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kigoma, Kagera na Geita. Maelfu waliondolewa nchini. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba miongoni mwao walikuwemo watu walioishi Tanzania kwa miongo mingi, na wengine waliosema ni raia. Na hata nje ya operesheni, watu wa Kigoma wana malalamiko ya siku nyingi, yaliyosikika mpaka bungeni: Muha anashushwa basini, anatazamwa, anasikilizwa lafudhi, anaulizwa babu yake alizikwa wapi. Mfupi anaambiwa anafanana na Mrundi. Mrefu mwembamba anaambiwa anafanana na Mnyarwanda.

Vijana wa Kasulu leo wanaangalia video za Bongo Fleva kwenye simu, na mwili unaosifiwa humo si ule wa 1907. Sasa ni kifua kipana, mabega, tumbo lililochongwa vipande vipande, pande la mtu. Mwembamba mrefu wa Duke leo angeambiwa aende jimu. Kipimo kimegeuka tena ndani ya vizazi vinne tu. Lakini kwenye kizuizi cha barabara bado kinatumika kile cha zamani, na anayekitumia huenda hajawahi kuiona picha ya Nyanza wala kusikia jina la Speke.